Senta Hafungi Goli

Maneno ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi, Kaole

Ndugu Mgeni Rasmi, waheshimiwa viongozi wa serikali ya hapa kwetu, masheikh na wachungaji mliohudhuria, ndugu zetu wa vikundi vya Dunda na Mlingotini, akina baba mliotuletea viti na turubai, wanakikundi wenzetu, mabibi na mabwana.   

Kwanza kabisa tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutufikisha siku ya leo. Katika wale tulioanza mwaka 2015 pale chini ya mwembe, wenzetu wawili wametangulia mbele ya haki. Tunaomba tusimame kidogo tuwakumbuke.

Ahsanteni, tukae.

Mambo ya hisa, mikopo, faini na mfuko wa jamii ameshayasoma Katibu katika risala, na Mweka Hazina kaweka hesabu yake kurasa za nyuma za kijitabu hiki, kwa hiyo hatutayarudia. Kamati imetupa nafasi tuseme jambo moja tu tuliloliona ndani ya miaka kumi. Wengi walidhani tutasema habari za sanduku letu na makufuli yake matatu, maana ndiyo sifa yetu huko nje. Hapana. Tunataka kumsema mwenzetu mmoja na nyimbo zake, na jinsi sisi viongozi tulivyomkosea. Jina lake hataki liandikwe. Amesema tukiliandika harudi kikundini, na tunamjua, huyo anaweza. Basi tutamwita kama tunavyomwita siku zote: Senta.

Vijana mliopo hapa mnamwona akipita alfajiri na gunia la mwani kichwani, goti la kulia amelifunga kitambaa, mnamwamkia shikamoo bibi, basi. Hamjui kwamba miaka ya 1980 huyu bibi alikuwa anacheza netiboli katika timu ya shirika moja la umma kule Dar es Salaam. Siku zile hapakuwa na habari ya mchezaji wa kulipwa kama hawa wa Simba na Yanga wa leo, na mamilioni yao. Shirika lilikuajiri. Kwenye karatasi wewe ni karani au mhudumu wa ofisi, mchana unatoka unakwenda mazoezini, na mshahara unaoupokea ni wa miguu yako. Kila mtu alijua hivyo na hakuna aliyesema. Mashirika yalikuwa yananyang'anyana wasichana wa netiboli kama watu wanavyonyang'anyana samaki mtumbwi ukitia nanga. Senta alikwenda na treni mpaka Mwanza na Kigoma, akavuka na meli mpaka Unguja, na sisi wenziwe wa rika moja tulikuwa hapa hapa tunatwanga.

Nafasi yake uwanjani ilikuwa hiyo ya senta. Kwa wasioujua mchezo tuseme kidogo. Timu ina watu 7, na wanaoruhusiwa kufunga goli ni wawili tu. Senta ndiye anayeanzisha mpira pale katikati, anakimbia uwanja karibu wote, lakini haruhusiwi kukanyaga ndani ya lile nusu duara la goli, si la kwao wala la wenzao. Mpira ukiushika una sekunde 3, uwe umeshautoa, na kutembea nao huruhusiwi. Kwa hiyo mtu anaweza kucheza senta miaka kumi na asifunge hata goli moja, na timu ikishinda watakaobebwa juu ni wale wawili. Mtalikumbuka hili mbele ya safari.

Miaka ya 1990 ukaja ubinafsishaji. Shirika likapunguza watu, na timu ndiyo iliyotangulia. Na goti nalo lilikuwa limeshakwisha. Senta akarudi Kaole na sanduku la bati, cherehani mbovu, na ile fulana yenye herufi C mgongoni, ambayo mpaka leo anaitandika chini ya mto. Kiinua mgongo alikisubiri mpaka akachoka kukisubiri. Akaolewa, akazaa, akafiwa na mume, akapika vitumbua, akaingia kwenye mwani. Zaidi ya miaka ishirini hakuna aliyemwita mchezaji. Tulimwita mama fulani, kama sisi sote.

Nyimbo zilianza mwaka 2017, na zilianza kwa sababu ya uchovu. Mnajua wenyewe mikutano ya kikundi. Sanduku linafunguliwa kwa wenye funguo watatu, mmoja kachelewa yuko shamba, hesabu inasomwa, mmoja anabisha kuwa hisa zake ni 4 siyo 3, jua linapanda, watoto wanalia. Siku moja Senta akaanza kupiga makofi taratibu, akawa anaita majina na hisa kwa mahadhi ya nyimbo za kumtoa mwali, zile tulizoimbiwa sisi zamani. Ukiitwa unaitika kwa idadi yako. Ukikosea, mahadhi yanavunjika na kila mtu anasikia. Basi, hesabu iliyokuwa inatuchukua saa nzima siku ile ilikwisha mapema, na hakuna aliyebisha. Mweka Hazina wetu ambaye hacheki ovyo alicheka.

Baada ya hapo akawa kila mkutano anakuja na wimbo. Wimbo wa mvua ya vuli iliyotuozea mwani kambani. Wimbo wa yule mnunuzi aliyetukopa mwani akabadilisha namba ya simu. Tukaanza kualikwa harusini na kwenye sherehe za shule.

Sasa mwaka uliofuata akaomba mkopo. Katika fomu, pale penye kuandika biashara, aliandika: kutunga nyimbo. Alitaka kinanda cha mtumba, kile cha kuchomeka umeme, na ngoma mbili. Jamani, tusifichane. Kamati ya mikopo ilicheka mpaka machozi, na sisi tulikuwemo. Mmoja akasema, mtu wa miaka 55, goti bovu, amecheza netiboli, leo anataka kuwa mtunzi, amewaona wapi wenzie? Tukamwandikia kwamba wimbo si biashara, alete ombi la vitumbua. Akaipokea ile barua, akaikunja, akaiweka kwenye upindo wa khanga. Hakusema kitu. Wachezaji wa zamani wana tabia hiyo, filimbi ikipulizwa hawabishani na refa.

Aliyetujibu lile swali la amewaona wapi wenzie alikuwa mwalimu mmoja mstaafu wa Chuo cha Sanaa hapa Bagamoyo, kile kilichoanzishwa mwaka 1981 na siku hizi kinaitwa TaSUBa. Alikuwa na desturi ya kuja kununua vitumbua kwa Senta na kukaa kusikiliza. Habari ya barua yetu ilipomfikia, alikuja mkutanoni bila kualikwa, akaomba dakika tano, akachukua saa nzima. Tunawapa aliyotuambia, maana baadaye wajukuu walitutafutia kwenye simu zao na tukaona ni kweli.

Alianza na Yannick Noah. Huyu baba yake, Zacharie, ni Mkameruni aliyekuwa mcheza mpira Ufaransa, mama ni Mfaransa. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1960 akakulia Yaoundé. Mwaka 1971 Mmarekani Arthur Ashe, bingwa mweusi wa tenisi, alipita Kameruni akamwona mtoto yule wa miaka 11 anavyopiga mpira, akamsemea mpaka akapelekwa Ufaransa kufundishwa. Mwaka 1983 akachukua ubingwa wa Ufaransa. Alipoacha kucheza akawa nahodha wa benchi wa timu ya taifa yao, na mwaka 1991 walipowafunga Wamarekani pale Lyon katika Kombe la Davis, akawaongoza wachezaji kuzunguka uwanja wakicheza wimbo wake, Saga Africa. Kutoka hapo akaingia katika kuimba moja kwa moja. Mwaka 2010 aliimba Stade de France, uwanja wa mpira wa taifa lao. Mwalimu akasema, huyo ni mwimbaji zaidi kuliko mtunzi, nyimbo zake nyingi wamemtungia wengine, lakini nimeanza naye kwa sababu ni damu ya Afrika na mlimcheka mwenzenu kwa umri na kwa mchezo.

Wa pili ndiye aliyetukaa. Mmarekani, Mike Reid. Huyu alikuwa anacheza ule mpira wa Marekani ambao wanauita wa miguu na wanaushika kwa mikono, watu wamevaa kofia ngumu kama wanakwenda vitani. Kazi yake ilikuwa kuwaangusha watu. Mkubwa kama mlango. Alichezea timu ya Cincinnati kuanzia mwaka 1970, akateuliwa mara mbili katika wachezaji bora wa ligi yao, na baada ya msimu wa 1974, wakati bado anatakiwa, akaacha. Magoti na mikono imeumia, na moyo ulikuwa kwenye piano. Kazunguka miaka akipiga kwenye vilabu, mwaka 1980 akahamia Nashville, mji wa watunzi, akakaa chini kuandika nyimbo za watu wengine kuimba. Wimbo wake mmoja ulioimbwa na Ronnie Milsap ukampatia tuzo ya Grammy mwaka 1984.

Halafu kuna wimbo aliotunga na mwenzie Allen Shamblin, ulioimbwa na mama mmoja, Bonnie Raitt, mwaka 1991. Mwanzo wake ulitoka gazetini. Mlevi mmoja alilipiga risasi gari la mwanamke wake. Akapelekwa mahakamani, hakimu akamuuliza amejifunza nini, naye akajibu kwamba mwanamke asiyekupenda huwezi kumlazimisha akupende. Basi hilo tu. Reid na mwenzie wakalichukua jibu la mlevi wakakaa nalo muda mrefu. Kwanza waliutunga kama wimbo wa haraka haraka wa kuchezea, haukukaa. Walipoupunguza mwendo ndipo ukawa wimbo. Sasa unaimbwa dunia nzima na mlevi mwenyewe sijui hata kama alilipa lile gari. Tumecheka, lakini Senta hakucheka. Alikuwa mlangoni, akauliza swali moja: waliupunguza mwendo kiasi gani?

Mwalimu, kwa kuwa ni mtu mkweli, akaongeza kwamba Reid alipiga piano tangu utoto na chuo kikuu alisomea muziki, hakuamka tu siku moja. Senta akamjibu: na sisi tuliwekwa ndani tukafundwa kwa nyimbo, mwalimu, usidhani hatukusoma.

Mwisho mwalimu akatukumbusha wa kwetu. Siti binti Saad wa Fumba, Unguja, alikuwa muuza vyungu, binti wa mfinyanzi, akizunguka na vyungu kichwani akivinadi kwa sauti. Hakuwa mchezaji wa netiboli, ni kweli, lakini mzigo kichwani na mwendo mrefu anaujua. Aliingia mjini na uimbaji akiwa mtu mzima, na mwaka 1928 alipokwenda Bombay kutia sauti kwenye sahani za santuri, umri wake ulikuwa unakaribia miaka 50. Mwalimu akasema, na nyinyi mnataka vitumbua. Akaondoka na fimbo yake.

Mkopo tukautoa, nusu. Kinanda alipata, ngoma akaazima.

Mgeni Rasmi, tuombe kidogo tueleze anavyotunga, kwa sababu watu wanadhani ni kipaji kinashuka tu kama mvua. Senta anatunga anatembea. Kutoka nyumbani mpaka kwenye kamba za mwani maji yakiwa yametoka ni mwendo wa nusu saa kwenye mchanga na matope, na goti lile linamfanya mguu mmoja uwe mzito kuliko mwingine. Anasema mahadhi yake yanatoka hapo, mguu mzito na mguu mwepesi. Akirudi anamwita mjukuu amwandikie nyuma ya daftari la hesabu za mwani. Tulimwuliza siku moja, hivi haya maneno unayapataje yakae sawa? Akasema: kwenye netiboli mpira humpi mwenzio pale aliposimama, unampa pale anapofika. Ukimpa aliposimama, anayemkaba ataunyaka. Na neno ni hivyo hivyo, lazima liwe linamngoja mwimbaji pale pumzi yake inapofika. Na lisikae kinywani zaidi ya haki yake, likizidi ni sekunde 3, umechezewa filimbi. Sisi hatukumwelewa vizuri mpaka tulipoimba.

Na jambo jingine, yeye haimbi. Sauti yake imekwaruza tangu zamani kwa kupiga kelele uwanjani. Anatunga, anagawa: wewe shika kiitikio, wewe ubeti wa kwanza, wewe nyamaza mpaka nikukonyeze. Watu wakipiga vigelegele wanawatunza waimbaji. Yeye yuko pembeni na ngoma ya kuazima.

Sasa tunakuja kwenye kosa.

Mwaka 2019 mwenzetu mmoja, hatumtaji, yupo hapa na ameturuhusu kulisema hili, alikuwa amechukua mkopo mkubwa na marejesho yamesimama miezi mitatu. Tulimwendea, hakuwepo. Tulimpigia, simu imezimwa. Faini ikawa inapanda juu ya faini. Katika kikundi kama hiki, mmoja akikwama na asiseme, wengine wanaanza kujiuliza: na mimi nalipia nini? Wawili wakatishia kutoa hisa zao. Sisi viongozi tukaogopa.

Sisi watu wa pwani mnatujua. Tukiwa na neno hatulisemi, tunalifumba, tunalivaa kwenye khanga, tunaliweka kwenye wimbo. Wazee wetu walitusimulia vikundi vya akina mama vya taarab Unguja kabla ya Mapinduzi ya 1964, Nuru l-Uyuni, Sahib l-Ari, Royal Air Force, walivyokuwa wakipigana vijembe. Miaka ya 1990 sisi wenyewe tulipanda magari kwenda Dar es Salaam kusikia TOT na Muungano wanavyorushiana mipasho. Tumeilelea akili yetu hapo. Basi viongozi watatu tukakaa usiku tukasema, Senta atutungie wimbo wa mdaiwa, tuuimbe kwenye harusi ya jirani yake. Senta akasita. Akatuuliza, mmejua kwa nini halipi? Tukamwambia, wewe tunga, ya uongozi tuachie sisi. Akatunga. Ubeti wenyewe ni huu:

Jembe mliloazima, shamba mmeshamaliza,
Mwenyewe akilisema, macho mnayageuza.

Tuliuimba harusini, kwa haraka, na makofi. Watu walilishika jembe hilo usiku ule ule, watoto wakawa wanaliimba kisimani. Na mlengwa alikuwepo. Alisimama, akajifunga khanga yake, akaondoka bila kula.

Asubuhi tukapata habari ambayo tungeipata mapema kama tungekaa kitako tukauliza. Mtoto wake alikuwa amelazwa Muhimbili muda wote huo, pesa yote imekwenda huko, na simu aliiuza.

Tulifanya nini sisi? Tunasoma hili mbele yenu kwa sababu tulikubaliana liandikwe humu kijitabuni. Tulinyamaza. Watu walipouliza nani katunga wimbo ule, tulisema Senta. Hilo ni kweli. Nani kamtuma, hatukusema. Kaole nzima ikamwona Senta ndiye mwenye roho mbaya. Vitumbua vyake vikarudi nyumbani vimejaa sahani. Mtu mmoja alimwambia barabarani, ndiyo maana shirika lilikutupa. Yeye hakututaja. Alikuja mkutanoni, akalipa hisa zake, akakaa, na hakutunga kitu kwa miezi minane. Hesabu zikarudi kuwa za kubishana. Miezi minane, na sisi tunamwona kila wiki, na tunajua.

Hatukumwomba radhi sisi. Alitangulia yeye. Alichukua kinanda chake cha mkopo, akakiuza, akaenda nyumbani kwa yule mwenzetu na ile pesa. Walikaa ndani kutwa. Waliyozungumza hawajatuambia mpaka leo, na hatutauliza. Tunachojua, jumapili iliyofuata waliingia mkutanoni pamoja, na yule mwenzetu ndiye aliyekuwa anaimba. Jamani, sauti! Miaka minne tumekaa naye hatukujua ana sauti ile. Wimbo ulikuwa ule ule, umepunguzwa mwendo mpaka umekuwa kama wa kubembeleza mtoto, na maneno yamegeuka kidogo:

Jembe tuliloazima, shamba hatujamaliza,
Mwenyewe akilisema, twende sote kueleza.

Mnasikia kilichobadilika? Kule mwanzo ni nyinyi. Huku ni sisi. Kamati nzima ilikuwa inatazama chini. Ndipo Mwenyekiti aliposimama, na Katibu, na mwenye ufunguo wa pili, tukasema mbele ya wote kwamba wimbo wa kwanza tuliuagiza sisi. Senta akasema, haya, tufungue sanduku, jua linakwenda. Basi. Ndiyo hotuba yake yote.

Deni lile lilipangwa upya, faini ikafutwa, na lilikwisha mwaka 2021. Mtoto alipona, huyo hapo amekaa mstari wa mbele na sare ya sekondari. Na tangu siku ile katiba yetu ina kifungu, ukurasa wa 6: mwanachama akikwama miezi miwili, wawili waende nyumbani kwake kabla ya neno lolote kusemwa popote. Wanakikundi wanakiita kifungu cha jembe.

Tumalizie na jambo la haki yake, kwa sababu Mgeni Rasmi yupo na tungependa alisikie. Mwaka juzi kijana alirekodi wimbo wa jembe kwa simu harusini. Baada ya muda tukausikia unapigwa kwenye sherehe za watu mjini, na kikundi kingine cha muziki, ambacho hatukitaji, wanatangaza ni wa kwao. Wametunzwa pesa. Senta tulipomwambia alisema tu, wamekosea mwendo, wanauharakisha. Sisi tulikasirika kuliko yeye. Tukaulizia, tukaambiwa kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kuna ofisi ya COSOTA inayosajili kazi za watunzi. Tulikuwa hatujui. Tulidhani wimbo wa harusini ni kama maji ya kisima cha kale kule magofuni, kila mwenye ndoo anachota.

Kwa hiyo mkutano mkuu wa mwezi uliopita ulipitisha mambo yafuatayo na tunayatangaza rasmi. Nyimbo zote 14 zilizoandikwa nyuma ya madaftari ya mwani zimenakiliwa vizuri, na kikundi kitalipa nauli na gharama za kuzisajili kwa jina lake, si kwa jina la kikundi. Palikuwa na ubishi hapo, wengine walisema nyimbo ni za sote kwa kuwa tumeziimba sote. Tukapiga kura, ikapita kwa kura 3 tu, na walioshindwa hawajafurahi, tunaliheshimu hilo. Pili, kila tukialikwa tukalipwa, fungu la mtunzi litatolewa kwanza kabla ya la waimbaji. Tatu, ombi lake la mkopo la mwaka 2018 limefufuliwa jinsi lilivyoandikwa, pale penye biashara pamebaki maneno yale yale, kutunga nyimbo, na Kamati imelipitisha lote.

Kinanda kimo kwenye boksi lile pale nyuma ya meza kuu. Yeye hajui, au anajifanya hajui, tangu asubuhi analikwepa kwa macho.

Tunamwomba Mgeni Rasmi amkabidhi. Halafu akina mama wa kiitikio mpande jukwaani, na mwenzetu mwenye sauti asogee kwenye kipaza sauti. Senta, umeagizwa na kikundi usikae pembeni leo. Ukipenda kukaa kaa, lakini ngoma iwe yako. Baada ya wimbo huu chakula kitakuwa tayari, wageni wa Mlingotini waanze kwa kuwa wana safari, na sahani tafadhali zirudishwe, ni za kuazima.